Barasa hakuweka jina kwenye kitu ambacho hajasoma

Siamini bado kwamba ninaandika "marehemu" mbele ya jina la Barasa. Nimeripoti vifo hapa Eldoret miaka ishirini na mitano. Neno hilo halijawahi kunishinda, ila safari hii.

Mke wake, Mwalimu Chebet, alimkuta Jumanne asubuhi mezani kwao mtaa wa Pioneer, kichwa juu ya mkono. Moyo, daktari amesema. Alikuwa na miaka thelathini na nane.

Mama yake aliwaambia watu wa kanisa kwamba kijana wake anafanya kazi ya madriver. Wakawa wanamwombea asipate ajali barabarani. Barasa hakuwahi kuwasahihisha.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma code ya wengine kabla haijaingia kernel, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo unaoendesha kompyuta. Driver alizozisoma, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia kifaa, zilikuwa za memory ya aina fulani: programu inaandika humo moja kwa moja, na umeme ukipotea, kilichoandikwa kinabaki.

Ukisoma na ukaridhika, unaweka mstari mmoja chini: Reviewed-by, halafu jina lako. Hiyo ndiyo sahihi yako.

Brayo, developer wa Nairobi, alikuwa na driver inayongoja jina moja tu. Ilikuwa ya mashine za hospitali. Nilikuwepo alipopiga simu, Barasa akaiweka loudspeaker huku akimenya viazi.

"Boss, ni mistari mia mbili tu. Weka jina twende."

"Nimesoma mia na themanini."

"Hizo ishirini ni za kufunga mlango tu, buda!"

"Basi ngoja nione kama unafungika."

"Aki wewe! Unasoma code kama padre anatangaza ndoa."

Jumamosi, saa nane mchana, Barasa akanipigia. "Kuja uone kitu. Usiulize, kuja tu."

Alikuwa ameandika maneno kwenye memory ile kama mtumiaji wa kwanza. Akakiondoa kifaa kwenye mfumo programu ikiwa bado inakitumia. Driver ya Brayo ikaripoti kwamba imefuta kila kitu. Akazima mashine, akachomoa waya ukutani, tukanywa chai. Kisha akawasha, akaingia kama mtu mwingine kabisa, akafungua mahali palipopaswa kuwa patupu.

Yakatokea majina manne. Kando ya kila jina, nambari ya mlango: 3, 4, 7, 11.

Nambari hizo nilikuwa nazo. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, niliingia kwenye plot moja kule Turbo, vyumba kumi na viwili vya kupanga kwa mstari mmoja. Milango minne ilikuwa imevunjwa na vitu kuchomwa uani. Ile minane ilikuwa imefungwa vizuri, mapazia hayajaguswa. Niliandika nambari za ile minne kwenye notebook kwa sababu sikuelewa.

"Walijuaje ni milango ipi?" nikamuuliza, kana kwamba ni jana.

"Mimi ndiye niliwaandikia."

Wakati huo alikuwa karani wa duka la mbolea, anaishi mlango wa 9. Mteja aliyemfahamu alimwambia kuna unga wa msaada unakuja, aandike watu wote wa plot, mlango na jina. Hakuuliza unga unatoka kwa nani. Aliandika kwa mwandiko safi, akapiga mstari, akatia sahihi chini, karani alivyozoea. Siku mbili baadaye watu walikuja na karatasi ile mkononi, wakichagua milango kwa majina ya kabila walilolisaka. Mama Shiro wa mlango wa 4 alitoroka na watoto kwa kuruka ua.

Aliniruhusu kuyaandika haya, na Chebet ameyasoma kabla yenu. Mama Shiro, kama yatakufikia: ni yeye aliyeandika. Hakujua.

"Nikitest huwa naweka hayo majina," aliniambia. "Nataka niyaone yakifutika. Hii ya Brayo inasema imefuta."

Nimevuka barabara zilizofungwa kwa magogo na watu wenye mapanga bila kurudi nyuma. Mbele ya skrini ile nilisogeza kiti nyuma.

"Sasa fikiria ni hospitali," akasema. "Mtu mwingine anapewa nafasi, anafungua, anakuta siri za mgonjwa wa jana."

Akasema atawaandikia wote waizuie. Jumatatu internet ikakatika Pioneer. Jumanne akafa. Jumatano Brayo, ambaye hakuwa na habari, akauliza kwenye mailing list, orodha ya barua pepe ya wote wanaohusika, kama kuna mwenye pingamizi iingie bila kungoja jina. Hakuna aliyepinga. Driver ilikuwa iingie Ijumaa.

Alhamisi saa nne asubuhi tulikuwa uani kwake na waombolezaji. Brayo akanipigia. Alikuwa amepata habari, na sauti yake ilikuwa chini.

"Mzee, nani ako kwa laptop ya Barasa?"

"Hakuna mtu. Kwa nini?"

"Amenijibu. Saa hii."

Niliingia ndani. Laptop ilikuwa mezani pale pale, imefunguliwa, kiti kitupu. Taa ya router ilikuwa imerudi kuwa kijani. Barua aliyoiandika Jumatatu ilikuwa inangoja internet irudi. Maelezo ni hayo, na ni ya kweli. Hata hivyo laptop sikuigusa.

Alikuwa ameandika: "Brayo, haifuti. Ni ile mistari ishirini ya mwisho. Jaribu mwenyewe. Siweki jina."

Driver ikazuiwa. Brayo akairekebisha, na baada ya mazishi akaja kwa Chebet.

"Mwalimu, sasa inafuta kabisa. Tunaomba tuweke Reviewed-by ya Barasa. Kama heshima tu."

"Hii mpya aliisoma?"

"Hapana, lakini..."

"Basi usimwekee."

Chebet akamuuliza, "Hakuna mahali pa mtu aliyeona makosa?"

"Iko. Inaitwa Reported-by."

"Mwandike hapo."

Barasa, nimeukagua mstari huo leo asubuhi. Jina lako liko sawa, herufi zote, na halidai zaidi ya ulichofanya. Lala salama, rafiki yangu.