Boti ya Ejo

Asubuhi ile nilikuwa natunga fumbo la maneno kwa ajili ya gazeti la ukutani la kikundi chetu cha waandishi, na nilikuwa nimekwama kwenye visanduku vitatu. Bibi alikuwa uani, amechuchumaa, kisu mkononi na samaki wa ziwani, kuhe mbichi, kwenye sinia. Nikamjaribu.

"Bibi, mnyama mwepesi wa mbio, herufi tatu."

"Paa."

"Kilicho juu ya nyumba?"

"Paa."

"Na afanyalo ndege angani?"

Alinyanyua kisu, magamba yamemganda mpaka kwenye nyusi. "Mjukuu wangu, na mimi hapa samaki namfanya nini? Si nampaa? Neno moja unaliuliza mara ngapi?"

Nilikuwa bado nacheka pale mchuuzi wa dagaa kutoka Kagunga, kule mpakani, alipopita barabarani, beseni kichwani. Hakusimama. Alipaza sauti tu: "Mama yako, boti ya ejo!" Akaenda zake.

Kicheko kikanikauka. Mama aliishi kulekule Kagunga, na hakuwa amesema nami tangu nilipoacha chuo nikae niandike riwaya. Simu yangu hapokei. Na kwa watu wa mpakani, kwao Bibi, ejo ni jana, na ejo hiyohiyo ni kesho.

"Bibi, ejo ipi?"

"Ejo ni ejo. Siku ambayo haimo ni leo tu."

Nilirudi kwenye karatasi yangu, nisione hata mstari. Kama ni kesho, mama anakuja kwangu. Kama ni jana, alishafika mjini, akalala, na mlango wetu akaupita. Neno dogo hivyo, nami sijui nifurahi au nilie. Najiita mtu wa maneno.

Nikakunja karatasi, nikashuka Kibirizi, mwaloni zinakofikia boti za Kagunga. Mkata tiketi nilimweleza mama alivyo: mwembamba, ana mwanya, haongei sana.

"Haongei?" akasema. "Huyo kagombana na nahodha njia nzima! Alishuka jana. Akachukua bajaji ya Ujiji."

Ujiji ni kwa mjomba. Njiani kote nilitunga maneno ya kumwambia, nikayafuta, nikatunga mengine. Ziwa lilikuwa upande wangu wa kulia, halafu halikuwapo, halafu likarudi.

Nilimkuta barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Nimekungoja tangu jana. Nilimtuma yule mchuuzi akwambie nimeshafika. Kimya. Nikasema, basi, mwanangu amekataa kuniona."

"Kapita leo asubuhi tu, mama, akasema ejo."

"Si ndiyo. Ejo."

"Nikadhani labda kesho."

Akaacha maharage. Alinitazama, nisijue kama ni hasira au anazuia kucheka. Kisha akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunjua mapajani.

"Hiki ndicho ulichoachia chuo?"

Akafuata mistari kwa kidole kilichochafuka vumbi la maharage, akasoma kwa sauti: "Mnyama mwepesi wa mbio." Akaninyooshea kidole hicho. "Wewe."

"Hiyo ni herufi nne, mama. Visanduku viko vitatu."

"Basi ongeza kisanduku," akasema, akanisogezea kigoda.