Jiwe la Nyuma ya Gurudumu

Huku kwetu Karambi, barabara inapanda kama ngazi ya kanisa, na gari bila jiwe si gari. Mgeni hawezi kuelewa mpaka aone. Unafika kwa mtu, unasimama, mguu umeukaza kwenye breki, na kabla hujazima injini lazima mtu aruke chini aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Ndipo unavuta pumzi. Kila gari ya huku ina jiwe lake, na ukiazima gari ya mtu unapewa na jiwe.

Jiwe letu sisi lilikuwa figa. Jiko letu la kwanza lilibomoka kwa mvua, mafiga mawili yakachukuliwa na maji, moja likabaki, jeusi upande mmoja kwa moshi wa chakula chetu cha ujana. Mke wangu akakataa kulitupa. Siku niliponunua pikapu, akalipandisha mbele, akaliweka katikati ya miguu yake, akasema, "Mimi na hili tutakaa hapa." Basi hivyo ndivyo tulivyoenda miaka yote. Mimi usukani, yeye jiwe. Watu wa sokoni walikuwa wananitania: "Mzee, bibi akikukasirikia utalala ukikanyaga breki!"

Sasa mtu ataniuliza, breki ya mkono je? Ilikuwepo. Ule mti wake wa kuvuta ulikuwa umesimama pale kati ya viti, nilikuwa natundika kofia yangu. Lakini waya wake ulishatoka zamani. Uliganda, fundi mmoja wa Bwera akautoa, akasema, "Mzee, huu hauna kazi na wewe." Ulikuwa waya mzuri lakini. Mke wangu akaufunga kutoka kwenye mparachichi mpaka nguzo ya choo, tukaanikia nguo. Shuka za kwetu zimekauka juu ya breki ya gari miaka mingi, na hakuna aliyeona ajabu.

Mimi shule niliiacha kabla haijanikolea. Barua naisoma kwa kidole. Nasema mapema ili mtu asishangae mbele.

Shida yenyewe ilianza na kitinda mimba wetu. Alirudi nyumbani ana mimba ya mapacha, mume wake yuko mbali kwa kazi. Muuguzi wa kliniki yetu alimpima, akamgeuza, akampima tena. Muuguzi akirudia kupima ujue. Kisha akaniita pembeni: "Mzee, hawa watoto wamelala vibaya. Huyu atapasuliwa. Mwisho wa mwezi umshushe hospitali ya Bwera akangojee hukohuko. Na uchungu ukianza kabla, usingoje kuche wala kuchwe. Gari yako ikae tayari."

Nikasema itakaa tayari. Ilikuwa mvua, na mvua ikishanyesha pikipiki za kwetu hazipandi, udongo unakuwa sabuni. Gari iliyokuwa inalala juu kule ilikuwa yangu peke yake.

Juma hilohilo nateremka na nyanya, nafika njia panda, afande ananyoosha mkono.

"Simama! Stika ya ukaguzi iko wapi?"

"Ukaguzi gani, afande?"

"Gari ya biashara inakaguliwa, mzee. Inapelekwa kituoni, inapimwa, inabandikwa stika kwenye kioo. Hujasikia redio?"

"Redio yangu inasema mambo ya mpira tu."

Hakucheka. "Leo nakuacha kwa sababu ya hizo mvi. Nikiikuta tena bila stika, inalala polisi."

Nikaona mbele yangu mtoto wangu amelala huko nyuma anauma meno, na afande amenyoosha mkono. Usingizi ukaniisha.

Nikaanza kuuliza hicho kituo kiko wapi. Ee, uliza njia kwa watu wasioijua uone wanavyokuelekeza vizuri! Mmoja alisema Mbarara. Mwingine alisema hakipo tena, serikali ilikifunga. Pale soko la Mpondwe, mpakani, kuna mama wa Kikongo, mtu wa Butembo, namchukuliaga mafuta ya mawese. Nilipomwuliza alipiga makofi: "Papa, kule kwetu banaita kontrole teknike! Unafika, mutu anapiga gari teke moja, anakupa karatasi, unaenda. Ninyi watu wa huku munapenda kusumbuka!" Mwishowe tingo wa lori aliniambia ni Hima, ameona kwa macho yake magari yamepanga mstari.

Sheria zenyewe nilisomewa na katekista wetu kwenye simu yake. Alikuwa anasoma kwa Kiingereza, ananipa kwa Kikonzo chetu, polepole kama injili. Taa ziwake zote. Matairi yasiwe upara. Kioo kisipasuke. Pembe tatu nyekundu ziwepo. Halafu akafika mahali panaposema gari isimamishwe kwenye mteremko, dereva atoe mguu, gari isirudi nyuma.

Nikacheka. "Hiyo yetu tunayo. Tangu lini gari yangu imerudi nyuma?"

Katekista naye ni mtu wa huku, pikipiki yake anaiegemezaga ukuta wa kanisa. Akatikisa kichwa kukubali. "Hiyo umepita, mzee."

Tukaitengeneza ile gari kama bibi harusi. Taa mpya, matairi yenye meno, bodi tukaisugua mpaka rangi ikaogopa. Mke wangu aliliosha hata jiwe. Alilisugua kwa majani na mchanga, akaligeuza upande mweusi chini, kati ya miguu yake, tukaondoka asubuhi. Binti tulimwacha na jirani, ana nguvu zake, anamenya viazi.

Barabara ya kwenda Kasese inakatiza mbugani, na siku hiyo tembo walikuwa wamesimama kwenye lami. Tembo hapigiwi honi. Mjomba wangu mmoja aliwahi kumpigia, na mpaka anakufa alikuwa akisikia honi anaingia chini ya meza. Tukangoja. Kisha tukapita Kasese bila kusimama, tukapita mashamba ya Mubuku, mpunga unang'aa, tukafika Hima. Kweli, mstari mrefu wa malori. Nikajipanga nyuma yao, nikazima, jiwe likawekwa ingawa pale ni tambarare. Mazoea.

Jua likapanda. Mstari unasogea kama kinyonga. Dereva wa mbele akashuka, akaja dirishani kwangu.

"Mzee, unanunua simenti?"

"Hapana, nataka kukaguliwa."

Akashika kiuno. "Baba yangu! Hapa utakaguliwa na vumbi. Hii foleni ni ya simenti. Rudi Kasese, uulize banda la mabati marefu."

Mke wangu alishuka, akatoa jiwe, akapanda. Uso wake naujua: alikuwa anahesabu umbali kutoka pale mpaka kwa mtoto.

Banda tukalipata mchana. Mkaguzi alikuwa binti mdogo, ovaroli ya bluu, umri wa kitinda mimba wetu kabisa. Akatuamkia vizuri. Akapima taa, akasema sawa. Akaingia shimoni chini ya gari, akagonga huku na huku, akasema sawa, mzee unaitunza. Nikavimba. Magurudumu akayaweka kwenye vyuma vinavyozunguka, nikakanyaga breki, sawa. Kisha akanionyesha mteremko wa saruji nje.

"Panda mpaka katikati, simama, vuta breki ya mkono, zima, toa mguu."

Nikapanda. Nikasimama. Yeye hajamaliza kufunga mdomo, mke wangu yuko chini na figa limeshakaa nyuma ya gurudumu. Nikatoa mguu. Gari haikutikisika hata kidogo. Nikamtazama yule binti kama mtu aliyepasi mtihani.

Nyuma yetu kulikuwa na dereva wa teksi, akapiga kelele: "Huyo mama abandikwe stika yeye!" Banda lote likacheka.

Mkaguzi hakucheka. "Mama, toa jiwe."

"Nikitoa itarudi, mwanangu."

"Ndiyo maana nakuambia utoe."

Akaja dirishani, akatazama ndani. "Baba, hii kofia umeitundika kwenye nini?"

Nikaitungua pale, nikaishika mapajani.

"Gari hii inabeba nini huko kwenu?"

"Kahawa, nyanya. Na wagonjwa. Sasa hivi tunangoja kumshusha binti yetu, ana mapacha."

"Huko nyuma nani atamshika?"

"Mama yake."

"Na jiwe ataweka nani?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, na wanajeshi, na mapadri. Hilo lilinikalisha. Nilimtazama mke wangu, yeye alikuwa analitazama figa lake mikononi, kama vile limemwambia jambo. Miaka yote hatukuwahi kufikiria kwamba mikono yake ni miwili tu.

Akatupa karatasi ya kufeli. Akasema kwa upole, "Tengenezeni, mrudi. Sijawakataza, baba. Nimewaambia mrudi."

Fundi alikuwa karibu na banda. Akatafuta waya kwenye pikapu iliyokufa, ndugu ya yangu, akainua yangu juu ya magogo, akafungua magurudumu ya nyuma. Ndipo simu ikalia.

"Tata." Alikuwa yeye mwenyewe, kitinda mimba. "Tata, muko wapi? Imeanza."

Nilimpa mama yake simu. Nikaitazama gari yangu, haina miguu, iko hewani kama mbuzi aliyetundikwa. Nimeitoa nyumbani kwa ajili yake, na kwa ajili yake haiko nyumbani. Jirani akaingia kwenye simu: amepigia madereva wa Bwera, hakuna anayekubali kupanda, usiku ilinyesha.

"Waite watu wa machela," mke wangu akasema.

Hapo lazima niseme. Zamani, kabla ya pikapu yangu, kila nyumba ya mgongo ule wa mlima ilikuwa na zamu ya kubeba wagonjwa kwa machela. Asiyekuja alitozwa mtungi wa pombe, na aibu. Gari yangu ilipofika, zamu zikalala. Machela ikatundikwa kwenye paa la nyumba ya mikutano, panya wakala kamba. Watu walisema, mzee ana gari. Nami nilipenda kusikia hivyo.

"Fundi, harakisha!"

"Mzee, ukinisukuma nitafunga kinyume, ukafe njiani na mimi nifungwe."

Alipomaliza sikungoja kupima. Mbugani sikuwaona tembo, na kama walikuwepo walinipisha. Njia panda, afande yuleyule, mkono uleule. Nikampa karatasi.

"Hii inasema gari mbovu."

"Ndiyo, afande."

"Na unaiendesha."

"Ndiyo, afande. Mtoto wangu yuko juu kule anabebwa."

Alimtazama mke wangu, jiwe mapajani, machozi yanamtoka bila sauti. Akanirudishia karatasi. "Pita! Usisimame kwa mtu!"

Tuliwakuta katikati ya mteremko mbaya, ule wenye kona mbili. Walikuwa wameng'oa mlango wa nyumba ya jirani, wakaufunga kwenye miti kwa kamba za mbuzi, wanaume wanane na zaidi, matope mpaka kiunoni, wanapokezana bila kusemeshana. Walikuja wote, hata wale tuliokosana nao kwa mpaka wa shamba. Binti yangu alikuwa amefunikwa blanketi, jicho moja nje, linanitafuta.

Nikasimama. Mke wangu aliruka, na mara hii hakwenda kwenye gurudumu. Alikwenda kwa mtoto. Figa likabaki mbele, peke yake, kwenye kiti chake.

Nikavuta ule mti. Ulikwaruza, ukakaza. Nikaondoa mguu kidogo kidogo, nasikia wanampandisha nyuma, nasikia anaita mama. Gari ikakaa. Nikamshukuru yule binti wa ovaroli, nikamshukuru fundi.

Nikapanda mpaka kona ya juu kugeuza, tukateremka. Alipasuliwa mara tu tulipofika. Wa kwanza alitoka analia. Wa pili hakulia, walimpigapiga, wakampulizia, akaja kulia baadaye sana. Daktari aliniambia neno moja tu: "Mmechelewa, lakini mmefika." Leo huyo wa kwanza anatambaa mpaka jikoni. Mdogo wake tunamwegemeza mto, anakaa, anamtazama mwenzake akienda. Muuguzi anasema tungoje. Tunangoja. Mama yao yuko hai.

Nilirudi Kasese, gari ikapita, stika iko kwenye kioo, na afande ananipungia. Waya wa nguo bado uko kwenye mparachichi, unaanika nepi.

Lakini kuna jambo sijamwambia mkaguzi. Siku ile mlimani, kabla sijaachia breki niondoke, nilichungulia kwenye kioo cha pembeni. Wanaume wawili waliinama nyuma yangu, kila mmoja anaondoa jiwe kubwa kwenye gurudumu. Walikuwa wameyaweka nilipokuwa bado sijasimama sawasawa. Hakuna aliyewatuma, ni mazoea. Wakanipigia bodi kwa kiganja: "Enda, mzee!"

Kwa hiyo sijui. Pale kwenye saruji ya Kasese breki ile inashika, nimeona. Ila siku mtoto wangu alipokuwa nyuma, sijui kama ni waya wa fundi uliomshika, au ni mawe ya wale niliowazoesha kusema, mzee ana gari. Nikipanda pale kwenye kona mbili, mpaka leo, natoa mguu polepole.