Nilifundisha "breathless" darasani, mama mkwe akaiona kwangu kule Vidunda

Wakuu, habari za saa hizi. Haya yamenikuta mwenyewe, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni ticha wa English hapa Mikumi. Wiki ile nilikuwa nafundisha neno breathless.

Ni rahisi tu: breath ni pumzi, less ni bila. Asiye na pumzi. Zamani lilitumika hata kwa aliyekata roho, siku hizi hata kwa anayesubiri jambo kwa hamu. Wanafunzi walicheka sana nilivyohema kuwaonyesha.

Kumbe wala sikuwa naigiza.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Jumamosi mimi na mume wangu tukapanda kilima hadi Vidunda kumsalimia mama yake.

Sasa mama mkwe wangu kwenye salamu ni noma. Shikamoo ya nusunusu haitambui. Upige goti, uitamke yote, ndipo uitikiwe.

Tulipofika nikaomba nikae kwanza. Nikanywa maji, nikapoa kabisa. Kisha nikapiga goti.

"Shika..." Nikavuta hewa. "...moo mama."

Nikajua nimeshaharibu. Mume wangu akawahi kunitetea, "Mama, ni kilima hicho."

Mama hakuitikia. Akanishika kidevu, akavuta kope ya chini, akaangalia jicho.

"Kilima kinamwachia mtu akishakaa. Huyu amekaa, bado anahema. Acha shikamoo, mwanangu. Inuka twende hospitali."

Kuku alikuwa jikoni anaiva! Nikabisha kwamba ni uchovu wa mimba tu. Hakunisikiliza, akachukua khanga zake, tukashuka.

Vipimo vikaonyesha damu imeshuka vibaya mno. Daktari alisema ningeingia leba vile, huenda mimi na mtoto tusingetoka. Nikalazwa, nikaongezewa damu.

Nesi akamwomba mama akapumzike nyumbani. Akajibu, "Nimewaleta wawili, nawasubiri wawili." Akatandika khanga sakafuni kando ya kitanda changu.

Wajawazito wenzangu, msizoee kuhema. Ukikaa na pumzi haitulii, nenda ukapimwe.

Naandika kwa kidole kimoja, binti yangu amelala kifuani. Kwa kweli nashukuru sana.

Wewe je, nani alikuona unaumwa kabla hujakubali mwenyewe? Shusheni hapa chini, nasoma zote.

Mama mkwe hana simu janja, uzi huu hatauona. Ila nimeshamwambia kwa mdomo wangu: mama, na mimi umenizaa.