Kabila la Damu ya Divine

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali moja ya Gitega, Mkuu wa Maabara hakunikaribisha hata kiti. Alidondosha tone la damu kwenye kioo, akaniambia nilitandaze mpaka liwe utando mwembamba wa kutazamwa kwa darubini. Nikalivuta haraka, likaharibika.

"We dada, iko unakimbilia wapi?" akasema. "Mtu alishatoa damu yake. Umuheshimu kidogo, quand même."

Alikuwa mkali mzee yule, lakini alinifundisha kazi.

Baadaye nilihamishiwa Muyinga. Kule kila homa ilikuwa malaria mpaka darubini iseme vingine. Ndiko nilikoiona kwa mara ya kwanza saratani ya damu kwa mtoto: chembe nyeupe changa zimejazana hata nyekundu hazina pa kukaa. Mganga Mkuu alitazama, kisha akaenda mwenyewe kuongea na baba wa mtoto. Wakubwa wa namna hiyo siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

Niliporudi Gitega, nikikaribia kustaafu, nilimkuta Mkuu mpya, na pamoja naye Daktari Mtafiti aliyetoka mbali. Utafiti wenyewe sikuuchukia. Foleti ni vitamini tunayoipata kwenye mboga za majani kama lengalenga na sombe, na kwenye maharage, na mwili huihitaji ili kutengeneza chembe mpya. Ziko jeni zinazoongoza kazi hiyo, nazo hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu. Mtafiti alitaka kujua kama tofauti hizo huongeza au hupunguza hatari ya saratani ya damu kwa watoto, na kama hali hubadilika kutoka kabila hadi kabila. Ni swali la maana. Ila kwetu Burundi kabila si neno la kumtupia mama aliyempakata mtoto mgonjwa.

Mama Divine alikulia Kigoma, wazazi wake walikokimbilia mauaji ya hapa Burundi, kisha akarudi na kuolewa Mutaho. Binti yake Divine ndiye aliyekuwa na ugonjwa huo. Nilimuuliza kabila ili nijaze fomu ya utafiti, huku nikiona aibu.

"Andika Mha," akajibu.

Kule Tanzania wazazi wake walijificha miongoni mwa Waha, wenyeji wa Kigoma, wakawafundisha watoto kujibu hivyo kila walipoulizwa. Wengi waliokulia kule walinijibu vivyo hivyo, na mimi nikaandika walichosema. Mkuu akaja juu.

"Mais, Waha iko wapi hapa Gitega? Angalia sura, uandike!"

"Sura gani, shefu?"

"We iko mtoto? Sura unazijua."

Nazijua! Nchi hii imezika watu wangapi kwa sababu ya hao wanaozijua sura? Nilikataa katakata. Akachukua kalamu, akafuta, akawaandikia makabila yeye mwenyewe, Mama Divine na wengine wote. Mtu asome miaka yote hiyo, halafu aje apime pua za watu kwa macho na kuiita sayansi! Hasira ile haijanitoka hadi leo.

Divine alifariki akisubiri nafasi ya matibabu Bujumbura. Matanga hayajaisha, mama mkwe wa Mama Divine akawa ameshasikia kwamba madaktari wanatafuta ugonjwa huo kwenye damu za makabila. Akatangaza kuwa umeletwa na mkamwana kutoka Tanzania, na mwanawe amrudishe kwao. Nikamwendea Daktari Mtafiti, nikamsihi afike Mutaho aeleze.

"Madame, matokeo bado," akasema. "Na hatutoi majibu ya mtu mmoja mmoja."

"Siombi majibu. Naomba uwaambie kwamba hujui."

Akaangalia saa yake.

Basi nikaenda mwenyewe. Niliwaeleza kwamba mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kwamba jeni hizo peke yake hazimpi mtu ugonjwa.

"Mi nilizaa, hakuna hata moja iliugua hivyo," mama mkwe akanikata. "Damu ya hapa iko safi."

Mume wa Mama Divine alikuwa amekaa palepale. Akainuka, akatoka nje. Wiki hiyohiyo mke wake alirudishwa kwa kaka yake, Giheta.

Sasa nimestaafu. Matokeo yalitoka, na Mkuu akanionyesha jina lake kati ya waandishi wa ripoti kwa furaha kubwa. Hawakuona tofauti ya kutegemewa kati ya makabila. Makabila yapi? Yale aliyoyagawa yeye kwa kalamu! Ninyi vijana mnaoingia maabara mtapata mashine ambazo sisi hatukuziota, na nawaonea wivu. Lakini kwenye damu ya mtu msiandike asichosema mwenyewe, hata shefu apige meza.

Nilikwenda Giheta kumpa Mama Divine habari. Nilimkuta sokoni, anafunga mafungu ya lengalenga.

"Hawakupata cha kuilaumu damu yako," nikamwambia.

Mikono yake ikasimama.

"Sasa mimi nilifukuzwa kwa nini, mama?"