Mashavu ya Marehemu Baba

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Niliishia darasa la nne, leo nina maghala mawili ya kahawa Omurushaka, na waliosoma ndio wanaoniandikia stakabadhi. Kwa hiyo mama aliponiambia anataka kumwona baba mara moja tu kabla macho hayajazimika, nilimjibu, "Hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Baba alifariki zamani. Picha yake ni moja, ya pasipoti, kwenye kadi ya ushirika wa kahawa, muhuri umemkalia begani. Mama ana presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Kapicha kale alikuwa hakaoni tena. Kwake uso lazima uwe mkubwa karibu kama wa mtu mwenyewe.

Nikaanza na fremu. Mimi hata nyumba naanza na geti. Seremala akanichongea ya mninga, mraba, karibu futi moja kila upande. Ndipo nikaenda steshenari.

Binti wa pale akaipima picha kwa rula. "Bosi, kitu kidogo hivi niskani kwa nukta elfu moja mia mbili kwa inchi, ndipo nikikuze. Itachukua muda."

"Nina lori linapakia. Weka ya haraka."

"Nukta mia mbili? Utaona vigae vigae."

"Weka."

"Halafu picha ni ndefu kuliko upana wake, fremu yako mraba. Nikiachia uwiano ili ijae, nitamnenepesha mzee."

"Mnenepeshe. Alikonda vya kutosha."

Jioni nikampelekea mama, kijijini Nyakatuntu. Akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akawa anageuza kichwa polepole, anatafuta pembe ambayo jicho bado linashika.

"Umependeza, baba," akaniambia. "Lakini nilikuomba ya baba yako."

"Mama, huyo ndiye."

"Mume wangu hakuwa na mashavu. Huyu ni wewe. Tena umejaa viraka kama ukuta wa tope."

Nikamwahidi nyingine. Msimu wa kahawa ukaingia, na mimi msimu haunipiti. Ulipoisha nikaenda nikakaa steshenari mwenyewe, nikaitazama taa ya skana ikitambaa chini ya kioo kama haitaki kufika. Safari hii binti aliufunga uwiano, akaandika urefu tu, upana ukajifuata wenyewe. Baba akatoka mwembamba, mashavu yameingia ndani, na juu ya nyusi ana kovu ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Fremu nyingine ikachongwa kwa kipimo chake.

Nilimkuta mama amekaa uani, uso ameuelekeza kwenye migomba. Gari liliingia hakugeuka.

"Shikamoo mama. Nimemleta."

"Marahaba, baba. Limezimika hili jicho. Nionyeshe kwa mkono."

Nikakishika kidole chake, nikakipitisha juu ya kioo. Hapa macho. Hapa pua. Hapa kovu. Kwenye kovu akakataa kukiondoa.

"Hilo ni jembe langu," akasema. "Tulikuwa tunalima kibanja, shamba hili la migomba, hatujamaliza hata mwezi tangu tuoane. Hakunigombeza."

Kioo kilikuwa kimeshapata joto la mkono wake alipouliza nimetumia kiasi gani. Nikamtajia vyote kwa pamoja, fremu mbili, karatasi mbili na mafuta ya gari: shilingi laki moja arobaini na tisa elfu na mia tano. Ule msimu sikuuhesabu.