Sahani Mbili Chini ya Kawa

Walipohamia chumba cha jirani na changu walikuwa na godoro, jiko la mafuta, sanduku moja na Biblia mbili. Ndoa yao ilikuwa bado mbichi. Yule binti alikuwa akiizungusha pete kidoleni kila baada ya muda, kama mtu anayejaribu kitu dukani na hajaamua kukinunua. Kanisa lao lilikuwa limewatuma kuanzisha kazi mtaani kwetu, mahali ambapo hawakuwa na ndugu wala jamaa. Mume tulimwita Mwinjilisti. Mke, kila mtu alimwita Bibi Harusi, na jina likamganda hata miezi ilipopita na harusi yenyewe ikawa imesahaulika.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto wako mbali na maisha yao, mashine yangu iko mlangoni, na ukuta kati ya chumba changu na chao ni wa mbao nyembamba. Kwa hiyo nisiulizwe nimeyajuaje haya. Sikutega sikio, sikio lenyewe lilikuwa pale pale.

Na tusiwasingizie, walikuwa wachapakazi. Mwinjilisti alitoka asubuhi na mkoba wake, akaingia nyumba moja akatoka nyingine, akisalimia, akisoma neno, akiombea wagonjwa. Bibi Harusi alifagia lile ghala walilolifanya kanisa, akapanga viti, akafundisha watoto nyimbo kwa sauti nzuri mpaka mguu wangu ukasahau kukanyaga cherehani. Wote wawili walikuwa wameuchagua wito huo kabla hata hawajachaguana. Hilo alinieleza mwenyewe, akitabasamu, siku aliyokuja kushonewa kifungo.

Shida ilikuwa chakula. Si kwamba hakikuwepo. Kilikuwepo, cha kawaida tu: wali kidogo, maharage, mboga, siku nyingine viazi na chai. Binti alipika jioni kungali na mwanga, akapakua sahani mbili, akazifunika kwa kawa, akakaa kwenye kigoda kumsubiri mwenzake. Chakula kikapoa naye akikiangalia. Mwinjilisti alirudi amechoka, akanawa, akashukuru kwa maombi marefu, akala vijiko viwili vya heshima. Kisha nikasikia godoro. Bibi Harusi alibaki na chakula cha baridi na hamu yote imekwisha. Akala kidogo, akafunika.

Nilidhani bwana hajali. Mimi nina kinywa, watu wa mtaa wanajua, na siku Mwinjilisti aliponiletea suruali nimwongezee kiuno, nilimuuliza kama neno la Mungu siku hizi linanenepesha. Akacheka mpaka akashika mashine. Akanieleza kwamba kabla ya kutumwa, mchungaji wao aliwafunda wanaume: ukiingia nyumba ya watu usikatae wanachokupa, hata kama ni kikombe cha uji, maana watajiona umewadharau na hawatakusikiliza tena. Kwa hiyo alikuwa anakula. Nyumba nne, sahani nne. Masikini, hata maharage yalikuwa yameanza kumtia kichefuchefu, lakini alikula kwa ajili ya kazi.

Siku hiyo hiyo, au ya pili yake, mkewe naye akaleta gauni. Yeye alitaka lipunguzwe. Nikamzungushia futi kiunoni, moyo ukanilipuka. Nikamwambia akae, aache kunizuga, aniambie kinachomla. Naye akanieleza yake. Wakati wanaume wakifundwa upande ule, mama mchungaji aliwafunda wanawake chumba cha pili: mke wa mtumishi hatangulii kula kabla ya mumewe, wala hazunguki majumbani kupiga soga, asije akaiharibu huduma kwa maneno. Basi alikuwa hali mpaka mume arudi, na hatoki ila kwenda kanisani. Hata nilipomkaribisha chakula changu alikataa kwa adabu, na mimi nani niteremshe tonge mbele ya mtu mwenye njaa? Tukawa tunakaa wawili bila kula.

Ona sasa. Mafundisho mawili, kila moja jema likiwa peke yake, yametolewa vyumba viwili, na hakuna aliyemuuliza mwenzake aliambiwa nini. Suruali ya mume naongeza, gauni la mke napunguza. Nikamwambia, mwanangu, mweleze mumeo, ni neno moja tu.

Akatikisa kichwa. "Nitamwambia nini, mama? Kwamba namtaka nyumbani, wakati yuko kwenye kazi ya Mungu? Nitaonekana nashindana na Mungu."

Nikasema basi nitamwambia mimi. Akanishika mikono yote miwili, akaniapisha nisifungue mdomo. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Alisema nyumbani kwao walikuwa wengi, walikula sinia moja wakigombania nyama, na kelele zile ndizo anazozikumbuka kuliko kitu chochote. Alijua kuna siku ataamka na kupanda basi kurudi kwa mama yake, na hiyo siku aliiogopa, maana alimpenda mumewe na aliipenda kazi. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu si jambo dogo.

Halafu wanawake wa kanisani wakaanza kumwona anavyokonda. Unajua watu. Wakanong'onezana kwamba yule dada ni mwombaji, anafunga kwa ajili ya mtaa mzima. Wakawa wanamletea shida zao: huyu mtoto haponi, yule mume amehama. Bibi Harusi akawaombea kwa moyo wote, wakaondoka wamefarijika, akabaki na kigoda chake. Walimheshimu mno kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kukaa naye wakacheka. Habari zikamfikia Mwinjilisti huko huko nje, akaziamini. Kila aliporudi akamkuta hajala, akaona ni mfungo huo, na akaona si vizuri kumuuliza mtu jambo lililo kati yake na Mungu wake.

Jumapili moja mchungaji wao alikuja na mkewe kutoka makao makuu kukagua kazi. Mimi si mtu wa kanisani sana, lakini Bibi Harusi alikuwa ameniomba mara nyingi, nikaona siku hiyo nimtoe kimasomaso. Nikajibana nyuma karibu na mlango. Ghala lilijaa. Mwinjilisti akasimama kutoa shukrani, na kwa fahari ya kweli, bila unafiki wowote, akasema mafanikio yote haya hayakuwa yake. Yalikuwa ya mkewe, anayefunga na kuomba karibu kila siku wakati yeye akila majumbani mwa watu. Amina zikapanda mpaka kwenye mabati. Mama mchungaji akamgeukia Bibi Harusi, akamwomba asimame awafundishe wanawake wenzake anavyofanya.

Alisimama. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Angeweza kusema maneno mawili ya kumpa Mungu utukufu akakaa, na kila mtu angeridhika. Alimtazama mumewe tu.

"Sifungi," akasema. "Namsubiri mume wangu tule."

Hakupaza sauti. Mtu mmoja akaanza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Bibi Harusi akakaa na kuinamisha kichwa, na mama mchungaji, aliyemfunda, akabaki ameshika kitabu chake cha nyimbo kimefunguka, hasomi. Wimbo wa kufunga ibada ulianzishwa na mtu asiyejua kuuanzisha, tukaimba hivyo hivyo.

Mzee wa kanisa alikuwa ameandaa chakula cha wageni nyumbani kwake, hatua chache kutoka ghalani. Meza ilikuwa tayari, harufu ilikuwa inatufikia, na Mwinjilisti ndiye aliyetakiwa kuwatangulia. Bibi Harusi alipangiwa kubaki kufagia na kufunga milango. Tayari alikuwa ameshika ufagio. Watu waliokuwa wakimletea shida zao walipita pembeni yake kama wanaopita penye maji yaliyomwagika. Nilimwona amejikaza kisabuni, na nikajua basi la kwenda kwa mama yake limeshakaribia. Kama mume angemfuata yule mzee, asingemkuta.

Mwinjilisti alisimama mlangoni, mkoba begani. Mzee akamwita mara ya kwanza, akamwita tena, na safari hii sauti ilikuwa imeanza kuwa kali.

"Mzee, samahani," akasema. "Leo nakula nyumbani."

Mzee akakasirika, na nadhani amekasirika mpaka leo. Nyumba mbili hazikurudi kanisani kwa sababu ya siku ile. Mwinjilisti alichukua ufagio mkononi mwa mkewe, akauegemeza ukutani, wakaondoka pamoja mchana kweupe, kila mtu akiona.

Nilipofika chumbani kwangu walikuwa wameshaingia. Bibi Harusi alikuwa anaomba radhi: hakupika, hakujua, kilichokuwepo ni kiporo cha jana tu. Nikasikia kawa likiinuliwa.

"Hivi," Mwinjilisti akauliza polepole, kama mgeni, "wewe huwa unapenda chakula gani?"

Nilisikia anavuta pumzi, kisha anavuta kamasi.

"Chochote," akasema. "Kikiwa cha moto."

Mume akawasha jiko. Alilihangaikia, halikuwa jambo lake, kiberiti kikazima mara kadhaa na mkewe akamwelekeza utambi ulipo. Halafu wakaanza kuzungumza, wote kwa pamoja, huyu akimkatiza yule, mpaka sikuweza tena kushika neno. Nilifurahi sana kwa ajili yake. Nikapakua changu, nikakaa peke yangu, na nasema wazi kwamba niliona wivu.