Wateja Wanamtaka Mama Diana, Siyo Fundi Aliyemfundisha

Saa moja asubuhi, kwenye gereji yao ya Makumira. Eunike Sumari amelala chali chini ya gari la watalii, moja ya yale yenye vitanda, jiko na choo ndani. Hajashika spana. Ananusa tu, kwanza tangi la maji machafu, kisha bomba linaloshuka kutoka chooni.

Pembeni amesimama mumewe, Richard, mikono nyuma.

"Ni sili hiyo, mpira wa kuzibia tangi," anasema. "Nilisema tangu jana."

Eunike anatoka chini ya gari. Anapanda ngazi hadi juu ya paa na kuchokoa kwa waya bomba la kutolea hewa ya tangi. Udongo mkavu unamwagika. Nyigu walijenga humo, hewa chafu ikakosa njia, ikarudi ndani kwa wageni.

"Nyigu," anasema.

"Hata hiyo sili nayo imechoka," anasema Richard.

Tulikwenda kuandika habari za Eunike, mwenye umri wa miaka 41. Bahati mbaya, kila swali tulilomuuliza, mumewe alilidaka kabla halijamfikia.

Richard alikuwa fundi bomba wa nyumba za mtaa wa Levolosi kabla ya kuhamia kwenye magari. Eunike alikuwa akimletea chakula kutoka Akheri, wanakolima kahawa na migomba. Siku moja, akiwa na mimba ya Diana, mtoto wao wa kwanza, alitua sufuria na kusema kuna maji ya choo yanavuja nyuma ya sinki. Richard alikuwa ameshakagua na kuridhika.

"Mimba ilinipa pua," anasema Eunike akicheka. "Nikajifungua, pua ikabaki."

"Kufunga bomba nimemfundisha mimi," anadakia Richard. "Hilo uliandike."

Tumeliandika. Ila madereva wakifika getini huuliza kwanza kama Mama Diana yupo, na wakiambiwa hayupo husema watarudi. Mgeni mmoja alitaka kupiga picha na fundi wake. Simu ya kupigia picha hiyo alipewa Richard.

"Naona wivu, sikufichi," anasema. "Angekuwa fundi mwingine ananinyang'anya wateja, ningegombana naye. Huyu nalala naye nyumba moja. Nigombane na nani?"

Gari moja huwaingizia kati ya shilingi 70,000 na 200,000, lakini msimu wa mvua wiki nzima hupita bila gari hata moja. Ndiyo maana habari ya Krunal imewanyima raha. Kijana huyo hukodisha magari haya mjini, na sasa anapeleka sita hifadhi ya Ruaha kwa miezi mitatu. Anataka fundi mmoja wa kufuatana nayo, kwa mshahara wa kila mwezi. Amemtaja Eunike, na jibu analitaka leo.

Wiki nzima Richard amekuwa akizungumzia kahawa tu: itaiva, nani atachuma?

"Nataka kwenda," anasema Eunike. "Lakini nikiondoka huku amenuna, kazi nitaifanyaje?"

Saa nne Krunal anafika mwenyewe. "Shikamoo, Mzee Sumari. Tumefikia wapi?"

"Marahaba." Richard anamtazama mkewe, anayenawa mikono kwenye ndoo bila kuinua uso.

"Ningependa ungeniita mimi," Richard anamwambia Krunal. "Nakwambia wazi, inaniuma. Lakini mgeni wako akilalamika harufu, mimi nitafungua tangi zima. Huyu atanusa tu. Mchukue. Kahawa nitachuma na watoto."

Eunike anakaa chini palepale, mikono ikichuruzika maji. 

"Nikirudi tununue mashine ya kuzibulia mabomba, tuache kuazima," anasema. "Na kile kibao cha getini chenye jina lako tuandike majina mawili."

"La kwangu likae juu," anasema Richard.

"Likae juu, Baba Diana. Wakija watasoma mpaka chini."